WAKULIMA WA NCHI NYINGINE: Bunduki ya Sungura katika Australia

Mkulima wa Kenya asikiapo jina la sungura hukumbuka ama yule mjanja wa hadithi za bibi, ama wale weupe wanaofugwa katika vibanda nyuma ya nyumba. Mkulima wa Australia asikiapo jina hilo hukumbuka hasara. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za mashamba ya huko iko bunduki moja ndogo, nyepesi, ya bei ya chini, na habari ya kuichagua huzungumzwa na wenye mashamba kama vile hapa watu wanavyozungumza juu ya majembe na bomba za kunyunyizia dawa. Wengi wanaoinunua mara ya kwanza hukosea. Bunduki yenyewe huwa si mbaya. Kosa lao ni kwamba wamemaliza fedha zao zote katika bunduki, wasibakize kitu kwa ajili ya mambo yanayoifanya ipige mahali inapolengwa.

Sungura si mnyama wa asili wa Australia. Wengine waliletwa na merikebu za kwanza za Waingereza katika mwaka 1788, lakini hao hawakuenea sana. Balaa lilianza mwaka 1859, wakati mwenye shamba mmoja wa Victoria, Thomas Austin wa Barwon Park, alipoagiza sungura wa mwitu kutoka Uingereza, ishirini na kitu tu, akawaachilia ili yeye na wageni wake wapate mchezo wa kuwinda. Miaka hamsini haikupita ila walikuwa wamekwisha kuenea katika sehemu kubwa ya bara lile. Serikali ya Australia ya Magharibi ilijenga ua wa waya tangu 1901 mpaka 1907, na ule wa kwanza peke yake ulikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 1,800. Sungura walikwisha kupita kabla haujamalizika. Mwaka 1950 ukaachiliwa ugonjwa uitwao miksomatosisi, ukaua karibu wote mahali pengi, lakini wale wachache waliopona wakazaa watoto wenye nguvu ya kuushinda. Mwaka 1995 ugonjwa mwingine ukavuka kutoka kisiwa cha Wardang, ulikokuwa ukijaribiwa, ukafika bara kabla ya wakati wake. Ukapunguza wengi tena, wala haukuwamaliza.

Wakulima wa huko hukadiria ya kuwa sungura kumi hivi hula majani ya kumtosha kondoo mmoja, tena huyala mpaka karibu na mizizi, na miche ya miti huitafuna gome. Jike hubeba mimba kwa mwezi mmoja tu, naye aweza kupandwa tena mara baada ya kuzaa. Mtu ye yote ajuaye hesabu kidogo ataona ya kuwa hakuna mwenye bunduki awezaye kushindana na uzazi wa namna hiyo. Maofisa wa ukulima wa Australia wamewaambia wakulima tangu zamani ya kuwa dawa ya sungura ni kuyavunja mashimo yao kwa trekta, na kutumia sumu, na kutia moshi wa dawa ndani ya mashimo yasiyofikika. Bunduki huja nyuma ya hayo, kuwamaliza wachache waliosalia, kulinda bustani ya mboga iliyo karibu na nyumba, na kuleta nyama jikoni. Yafaa neno hili litangulie, maana mtu anayedhani ya kuwa bunduki itaokoa shamba lake lote atatafuta bunduki kubwa yenye kupiga risasi nyingi kwa haraka, na fedha zake zitapotea bure. Yule anayejua ya kuwa kazi yake ni sungura wawili watatu wa jioni ataridhika na ndogo.

Bunduki ndogo hizo ni za fataki ya ukingoni. Katika risasi kubwa, kama zile za kupigia nyati, fataki ni kikombe kidogo cha shaba kilichotiwa katikati ya kitako cha ganda. Katika risasi ndogo hakuna kikombe. Dawa ya kuwashia baruti imezungushwa ndani ya ukingo wa ganda lenyewe, na pini ya bunduki huugonga ukingo huo, baruti ikawaka. Ganda hilo ni jembamba wala halina gharama kubwa kulitengeneza, na likiisha kupigwa hutupwa, kwa kuwa haliwezi kujazwa tena. Hiyo ndiyo siri ya bei yake ndogo.

Risasi za namna hii zinazotumiwa sana kwa sungura ni tatu. Ya kale, na ya kawaida kuliko zote, ni .22 Long Rifle, iliyotoka Marekani katika mwaka 1887. Upana wake ni milimita 5.6 hivi, na uzito wa risasi yenyewe gramu 2.6. Ya pili ni .22 Magnum ya mwaka 1959, yenye ganda refu na nguvu zaidi. Ya tatu ni .17 HMR ya mwaka 2002, ambayo risasi yake ni ndogo mno, gramu 1.1 tu, lakini huenda zaidi ya mita 750 kwa sekunde moja, nayo huruka karibu imenyooka hata mita 150.

Kijana anayesoma hesabu hizo huichagua ya tatu bila kufikiri mara mbili. Lakini mwenye fedha chache na angoje kidogo. Sanduku moja la .17 HMR huuzwa kwa bei ya masanduku kadhaa ya .22 Long Rifle. Upepo huisukuma risasi nyepesi kama ile. Na ikimpiga sungura mwilini, nyama haifai tena kupelekwa jikoni. Tena ina mlio mkali. Long Rifle ya mwendo wa polepole huenda mita 320 hivi kwa sekunde, yaani chini ya mwendo wa sauti, kwa hiyo haitoi ule mlio wa mjeledi hewani, na mara nyingi sungura wa kwanza akianguka wa pili hubaki pale pale ameinua masikio. Katika Uingereza na New Zealand wawindaji hutia na chombo cha kuzuia mlio mdomoni mwa mtutu, lakini katika Australia chombo hicho kwa jumla hakiruhusiwi kwa raia, na hiyo ni sababu nyingine ya kupenda risasi ya polepole.

Hivyo mchaguzi asianze dukani. Na aanze shambani kwake saa ya jioni, ahesabu hatua tangu pale awezapo kujificha, kwenye kichaka au nyuma ya ua au ukingoni mwa kijito, mpaka pale sungura wanapotoka kula. Shamba la vilima na miti litampa hatua 40 au 50, na hapo .22 Long Rifle yatosha kabisa. Shamba la uwanda mweupe lisilo na maficho litampa 100 au 120, na hapo Long Rifle haimfai, hata akiinunua kwa bei kubwa namna gani. Risasi ya polepole iliyopimwa ipige sawasawa kwenye mita 50 huanguka zaidi ya sentimita 15 ifikapo mita 100. Mwenye uwanda wa namna hiyo ana haki ya kununua .17 HMR. Mwingine anajinunulia sifa.

Sheria nayo huchagua kabla ya mnunuzi. Baada ya watu 35 kuuawa kwa bunduki huko Port Arthur, katika Tasmania, tarehe 28 Aprili 1996, serikali zote za Australia zilipatana juu ya mkataba mmoja wa silaha. Kwa mkataba huo kila bunduki ilihitaji kibali chake, na kabla ya kibali cha kununua kutolewa zilipita siku 28. Na mwombaji alipaswa kuonyesha sababu ya kweli, kama vile kulinda shamba, kwani kusema kwamba anataka kujilinda nafsi yake hakukukubaliwa kuwa sababu. Bunduki ndogo ya komeo, ile ambayo mpigaji huvuta komeo la chuma kwa mkono wake baada ya kila risasi, iliwekwa katika daraja la kwanza, lililo rahisi. Zile zinazojipakia zenyewe, kama Ruger 10/22 ya Marekani ambayo imejulikana sana tangu 1964, ziliwekwa katika daraja la masharti magumu, hata wakulima wakapewa kwa idadi iliyopimwa. Mtu wa bunduki moja hana haja ya kuhuzunika kwa hilo. Ya komeo ina vyuma vichache vya kuharibika, husafishwa upesi, na kwa kuwa mkono wapaswa kufanya kazi baada ya kila mlio, mpigaji hujifunza kutulia.

Kwa upande wa Kenya, uwindaji ulipigwa marufuku na Serikali katika mwaka 1977, na mnyama anayeitwa sungura porini, ambaye wengine humwita kitungule, si yule wa Australia. Huyu wetu hachimbi mashimo. Hulala juu ya ardhi katika majani, wala hajawa balaa la nchi. Yaliyoandikwa hapa basi ni habari za jirani wa mbali, wala msomaji asichukue gazeti hili kwenda nalo kituo cha polisi kuomba kibali.

Sasa habari ya bunduki zenyewe. Katika mji wa Lithgow, New South Wales, kilifunguliwa mwaka 1912 kiwanda cha Serikali cha kutengeneza bunduki za askari. Baada ya Vita Vikuu vya Pili kazi ya askari ilipopungua, kiwanda hicho kiligeukia bunduki ndogo za .22 kwa wakulima, nyingine za risasi moja moja na nyingine za kasha la risasi, na baadhi yake ziliuzwa kwa jina la Slazenger, lile lile la raketi za tenisi. Maelfu ya vijana wa mashamba walijifunza kupiga shabaha kwa bunduki hizo, na nyingi zipo hata leo. Mwenye fedha chache sana akiipata moja iliyotunzwa hana sababu ya kuona haya.

Lakini kununua kitu kilichotumika kwahitaji macho. Kwanza aangalie mdomo wa mtutu. Hapo ndipo risasi inapoagana na bunduki, na kovu dogo la ufito wa kusafishia au la kugongwa mlangoni huitupa risasi pembeni maisha yote. Kisha atoe komeo, achungulie ndani ya mtutu akiuelekeza kwenye mwanga. Mistari ya ndani yapasa kuwa mikali na yenye kung'aa, na kutu ya vidoto vidoto ni sababu ya kurudisha bunduki kwa mwenyewe pamoja na shukrani. Halafu aangalie mlango wa chemba, pale ukingo wa ganda unapokaa. Bunduki nyingi za zamani zimeharibika hapo kwa sababu ya watoto waliozifyatua tupu kwa mchezo: pini ikikosa ukingo wa ganda huugonga mdomo wa chemba, ikafanya kipele cha chuma, na tangu siku hiyo risasi huingia kwa shida na ganda hutoka kwa shida zaidi. Mwisho aombe ruhusa ya kupiga risasi tano. Muuzaji anayekataa amekwisha kujibu.

Anayeweza kununua mpya ana uchaguzi mzuri. Ziko CZ zinazotengenezwa Uherský Brod katika nchi ya Cheki, zenye kitako cha mti na sifa ya kudumu. Iko Savage Mark II inayotengenezwa Kanada, yenye sura ya kawaida lakini yenye kifyatulio ambacho mwenyewe aweza kukilegeza kwa kadiri. Iko Ruger American Rimfire, na nyingine. Watu hubishana usiku kucha juu ya majina hayo. Ukweli ni kwamba kila moja kati ya hizo hupiga vizuri kuliko mkono wa mtu anayeinunua, na lililo muhimu zaidi kuliko jina ni kitako kimfae. Aiinue begani huku amefumba macho, kisha ayafumbue. Ikiwa jicho limejikuta sawa na darubini bila kunyosha wala kukunja shingo, hiyo ndiyo yake. Kifyatulio kivutike bila kutetemesha mkono. Kama mkewe au kijana wake mwenye kibali ataitumia pia, kitako kirefu kitawasumbua wote wawili.

Juu ya fedha, shauri ni hili. Fedha zote zilizowekwa kwa kazi hii zigawanywe, na bunduki isichukue zaidi ya nusu. Robo moja iende kwa darubini na vishikio vyake. Darubini ya kukuza mara nne, yenye kioo safi, yatosha kwa mita 50. Ile ya rahisi mno inayokuza mara kumi na mbili huonyesha ukungu wa jioni kwa ukubwa mara kumi na mbili, na sungura hutoka jioni. Vishikio vya bati laini hulegea, na mtu akailaumu bunduki. Robo iliyobaki ni ya risasi, na hapa ndipo wanunuzi wengi huona uchungu, maana risasi haionekani ukutani wala jirani haisifu.

Bunduki hizi ndogo zina tabia moja ambayo mgeni haiamini mpaka aione. Mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja, zenye namba zinazofuatana, moja yaweza kupenda risasi za aina fulani na nyingine kuzikataa kabisa. Hakuna fundi awezaye kujua kwa kuangalia. Njia ni moja: kununua sanduku moja moja la aina tano au sita, kwenda mahali salama, kuweka karatasi kwenye mita 50, kuegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, na kupiga risasi tano za kila aina, pasipo haraka na pasipo upepo. Kabla ya kuhesabu aina mpya apige chache za bure, maana mafuta ya risasi ya kwanza bado yamo ndani ya mtutu. Na mtutu uliosafishwa sana nao hupotosha chache za mwanzo. Kisha apime kwa rula. Aina iliyotia matundu yote matano ndani ya milimita 25 ndiyo chakula cha bunduki ile, hata kama ni ya bei ndogo kuliko zote mezani. Aangalie namba ya fungu iliyopigwa chapa juu ya sanduku, anunue nyingi za namba hiyo hiyo kadiri awezavyo, na zilizobaki za aina nyingine azitumie kwa mazoezi.

Hiyo milimita 25 si upuzi wa wenye mashindano. Sungura hupigwa kichwani, na sehemu ya kichwa ambayo ikipigwa anakufa papo hapo si kubwa kuliko sarafu. Risasi ikipotea kidogo tu, humpiga taya au tumbo, naye hukimbilia shimoni, akafa huko chini baada ya siku mbili au tatu bila mtu kumwona. Mkulima hakupata nyama, mnyama amepata mateso, na yule mpigaji huenda nyumbani akisema amemkosa. Kwa hiyo mwenye busara hujaribu mkono wake kwa karatasi yenye duara la kadiri ile ile, akiwa ameketi au amepiga goti kama atakavyokuwa shambani, si juu ya meza peke yake. Umbali ambao aweza kutia risasi nne kwa nne ndani ya duara ndio umbali wake wa kuwinda. Ikiwa ni mita 35, basi ni 35, na bunduki ya bei mara tatu haitauongeza.

Jambo jingine la kutazamwa ni mahali risasi inapokwenda baada ya sungura. Risasi hii ndogo yaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu, na ile ya polepole, kwa kuwa ni ya risasi tupu na haivunjiki upesi, ina tabia mbaya ya kudunda juu ya ardhi ngumu, mawe na maji, ikageuza njia na kwenda isikotazamiwa. Sungura aliye juu ya kilele cha kilima, mbingu nyuma yake, haguswi, hata awe mnene namna gani. Nyuma ya kilima hicho huenda iko nyumba, au ng'ombe wa jirani. Apigwe yule aliye na kingo ya udongo nyuma yake. Katika mashamba ya mawe wengine hutumia risasi zenye tundu mbele, ambazo hutanuka zinapopiga na hudunda kwa shida zaidi, lakini kudunda hakukomi kabisa.

Akipatikana, sungura huchunwa akali ana joto, maana ngozi hutoka kama soksi. Matumbo hutolewa kwa uangalifu, ini likatazamwa kwenye mwanga. Lenye madoa meupe ni dalili ya ugonjwa wa koksidiosisi, ule ule unaowasumbua wafugaji wa sungura wa vibandani hapa Kenya, na nyama ya mnyama huyo huachwa. Katika miaka ya njaa ya 1930 familia nyingi za Australia ziliishi kwa nyama hii, na manyoya yakauzwa kwa viwanda vya kofia. Kofia mashuhuri za Akubra zimetengenezwa kwa manyoya ya sungura. Kabla ya kuketi mezani, mwenye bunduki hufungua komeo, akatazama chemba kwa jicho na kuigusa kwa ncha ya kidole kuhakikisha kuwa ni tupu, akapitisha kitambaa chenye mafuta juu ya chuma chote palipoguswa na mkono wenye jasho, akaifungia katika kabati la chuma. Risasi hukaa katika sanduku jingine, lenye kufuli lake.